Gari Lisilo na Uso

Katika chumba ninachofundishia udereva pale Kericho mjini kuna meza pana, na juu yake tumejenga mji mdogo wa mbao. Una barabara zilizochorwa kwa rangi, mizunguko, vivuko, na magari ya kuchezea ambayo wanafunzi huyasukuma kwa kidole wakijifunza nani apite kwanza. Magari hayo tuliyanunua pamoja na yote yanafanana. Kila darasa jipya hutokea mmoja wa kuuliza, "Sasa madam, gari yangu ni gani hapa?" Wenzake hucheka. Mimi humwambia aweke kidole juu ya gari lake na asikitoe mpaka somo liishe.

Mwaka huu alikuja kijana aliyetaka kuendesha malori ya majani chai. Wenzake walipokuwa wakikusanya vitabu, yeye alisimama dirishani akitazama barabara ya kuelekea Nakuru.

"Madam," akasema, "hawa watu wanaotengeneza magari, si wangepatia kila moja sura yake? Naona kama gari moja tu inapita, inarudi, inapita."

Nilimjibu kama ninavyomjibu mwanafunzi yeyote, kwa sababu hakuna swali la kuchekwa kwa mtu anayejifunza. Nikamwambia kwamba upepo hauna upendeleo. Gari likisukuma upepo vibaya linakunywa mafuta mengi, na wahandisi wote wakikaa chini kutafuta umbo linalopita kwenye upepo kwa urahisi, wanafikia umbo lile lile. Nikamwambia kuna sheria huko yanakotengenezwa kuhusu boneti iwe na urefu gani ili mtu akigongwa asiumie sana. Nikamweleza habari ya kalibu za kukunja mabati, kwamba ni kazi kubwa kutengeneza kalibu mpya, kwa hiyo kampuni moja hutoa magari mengi kwenye mfupa mmoja na kubadilisha taa tu. Mwishowe nikamkumbusha kwamba hata sisi wanunuzi tuna mkono katika jambo hili. Tunataka gari jeupe la kawaida kwa sababu tukichoka nalo tutapata mtu wa kulichukua upesi.

"Kwa hivyo wako sawa?" akauliza.

"Wana sababu," nikamwambia. "Mtu anaweza kuwa na sababu nzuri na bado akakosea."

Aliandika sentensi hiyo, maskini, kama kwamba ingekuja kwenye mtihani. Sikuendelea. Hayo niliyomweleza ni kweli na nitayarudia kwa darasa lijalo, lakini jibu langu mwenyewe nililimeza, kwa sababu ndani yake mna jicho la baba yangu.

Nyumbani kwetu ni upande wa Kimulot, mahali ambapo mashamba ya chai yanapanda mlima mpaka yanakutana na msitu wa Mau. Baba alikuwa dereva wa lori la kiwanda, lile linalozunguka vituoni jioni kukusanya majani mabichi. Alipostaafu alinunua pikapu kuukuu ya Kifaransa. Rangi yake ilikuwa ya mursik, maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, uliozidi majivu. Ilikuwa na pua ndefu, na taa zake za mbele ziliinamia katikati kama macho ya mtu aliyeamshwa kabla hajatosheka na usingizi. Nyuma ilikaa chini kidogo hata ikiwa tupu. Mtoto wa chekechea aliweza kuichora na ukaitambua.

Ngoja nieleze desturi moja ya kwetu, kwa sababu bila hiyo msomaji wa mbali hataelewa tulichopoteza. Kwetu zamani mtu hakusimama barabarani kupungia gari alijualo. Alileta mzigo wake, tuseme mtungi wa maziwa au gunia la viazi, akauweka ukingoni mwa barabara, kisha akarudi kuchuma chai yake. Mwenye gari akifika angesimama, angeupakia mwenyewe na kuushusha unakokwenda, kwa sababu alijua ni wa nani na unapelekwa wapi. Mwenye mzigo, aliyeko katikati ya shamba na kikapu mgongoni, angeinua kichwa tu, aone ile pua ndefu ikisimama, na moyo wake utulie. Hiyo ndiyo iliyokuwa risiti.

Baba alikuwa gari la kijiji kizima. Alibeba wanawake wenye uchungu wa kujifungua, alibeba majeneza, alibeba masanduku ya watoto wa bweni siku ya kufungua shule. Watu hawakusema kwamba baba yangu amepita. Walisema, "Ile imepita," na kila mtu alijua ile ni ipi. Mama alikuwa akiona taa zake upande wa pili wa bonde anaweka sufuria ya chai motoni, na kabla chai haijachemka ikafurika, baba anaingia.

Kisha pikapu ilianza kuzeeka kuliko yeye. Spea zake zilikuwa hazipatikani. Fundi wetu wa Silibwet, mtu aliyetoka Kisii zamani na kujenga huku, alikuwa akimwonea huruma. "Mzee," alimwambia, "mimi hii naijua, naipenda, lakini siwezi kuitengeneza na upendo. Nunua gari ya watu wote." Sisi watoto tulikaa, tukakubaliana, tukamnunulia gari la watu wote.

Mnalijua. Ni lile steshenwagoni jeupe, fupi puani, refu mgongoni, linalobeba mkaa, mbuzi, walimu na wachungaji. Sitalisema vibaya kuliko linavyostahili. Ni gari la kweli. Linapanda tope la Mei bila kulalamika, fundi yeyote analijua hata akiwa amefumba macho, na spea zake zinauzwa mpaka kwenye duka la unga. Kama ungeniuliza kama mwalimu, ningekuambia ulinunue.

Baba alilizunguka, akapiga teke gurudumu, akafungua na kufunga mlango. Tulisubiri atoe shukrani.

"Hii gari haina uso," akasema.

"Baba, ina uso, hizi si taa?"

"Hizo ni taa. Nimesema uso."

Mama akamkemea kwa Kikipsigis kwamba watoto wamejinyima, basi baba akacheka, akasema kongoi, asanteni, akaondoka nalo kwenda kuonyesha rafiki zake. Rafiki zake wawili walikuwa nalo tayari.

Mwanzoni tulilifanyia mzaha. Siku moja sokoni Silibwet baba alifungua gari kwa ufunguo wake, akaketi, akashangaa kuona kiti kimesogezwa mbele na kitambaa cha kanisa kimetandikwa juu yake. Alikuwa bado anajiuliza ni nani kati yetu aliyemtandikia kitambaa wakati mwanamke mwenye miwani alipogonga kioo.

"Boiyon," mama huyo alimwita, yaani mzee, "unanipeleka wapi?"

"Sijakwambia panda."

"Hii ni gari yangu!"

"Ya kwako ina kitambaa?"

"Kitambaa ndiyo hiyo umekalia!"

Alituhadithia mezani huku akiiga sauti ya yule mama, nasi tukacheka mpaka mama akaweka kijiko chini. Lakini nakumbuka alivyomalizia, akiwa amekwisha kuacha kucheka. Alisema ng'ombe wa kwetu tunawajua mmoja mmoja kwa rangi na kwa pembe, na juu ya hayo kila ukoo unakata sikio kwa alama yake ili asitokee mtu wa kubisha. Gari ni kubwa kuliko ng'ombe na linaua haraka kuliko ng'ombe. Iweje mtu alitengeneze asilipatie hata sikio?

Na desturi ile ya mizigo ilikufa bila mtu kuiua. Watu waliweka mitungi ukingoni, gari jeupe likaja, likapita. Lingine likaja, likasimama, likapakia, na jioni mtungi haukufika. Baada ya hapo kila mtu alisimama na mzigo wake akiinama kuchungulia kioo cha kila gari jeupe, aone ni uso wa nani ulio ndani. Baba alikuwa akisimama kama zamani, lakini sasa watu walirudi nyuma hatua moja kabla ya kumtambua. Hilo lilimuuma. Alilificha, lakini mimi nafundisha watu kusoma vioo, nilikuwa namwona.

Kisha wezi wa kondoo wakaanza.

Walikuja na gari jeupe. Walikunja viti vya nyuma, wakafunga kondoo miguu na midomo, wakawapanga kama magunia, na kabla jua halijatoka wamekwisha kufika kwenye lami. Boma baada ya boma lilipoteza wanyama. Mjane mmoja jirani yetu aliachiwa kamba tu. Wanaume walianza kulala nje kwa zamu, na mahali barabara inapobanwa na miti ya blugamu waliweka gogo la kuziba njia alfajiri. Baba mwenyewe alichangia zamu hizo. Gogo lile lilikatwa kwenye shamba lake.

Mdogo wangu wa kike alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza huko alikoolewa, upande wa Bomet. Baba alitaka kumpelekea kondoo jike mnono, amchague mwenyewe, amfikishe mwenyewe. Mama alimwambia asubiri jua. Akajibu kwamba jua la kwetu likisubiriwa linafika saa nne, na ni kweli, kwa sababu msimu ule ukungu ulikuwa unashuka kutoka msituni na kukaa juu ya chai kama mtu aliyekuja kukaa. Alimfunga kondoo miguu, akamweka nyuma juu ya gunia, akawasha taa, akaondoka. Ndani ya gari kulikuwa na pumzi ya mzee na pumzi ya kondoo na baridi nje, kwa hiyo vioo vyote vilifanya ukungu wake vyenyewe. Alifuta duara dogo mbele yake la kuonea njia.

Nimeyakusanya yaliyofuata kutoka kwa baba na kutoka kwa watu waliokuwepo, na kwa mara hii hawatofautiani.

Waliokuwa kwenye gogo waliona taa mbili. Kisha wakaona weupe. Kisha kondoo akalia.

Mtu akapiga nduru. Ukiwa hujasikia nduru ya alfajiri huko kwetu siwezi kukueleza vizuri. Haiulizi swali. Kila anayeisikia hutoka mbio na alichonacho mkononi, na anapofika jambo linakuwa limekwisha kuamuliwa. Baba aliposikia nduru alifanya walichofundishana wote kufanya, alisimamisha gari ili atoke kusaidia. Alidhani wezi wako mbele yake. Alikuwa anatafuta rungu lake chini ya kiti wakati jiwe la kwanza lilipopita kwenye kioo cha pembeni.

"Toka nje, mwizi!"

"Ni mimi!" akapiga kelele.

"Wewe nani? Toka! Hata leo umebeba!"

"Ni mimi, ni mimi!"

Hebu fikiria, mtu aliyepita barabara ile maisha yake yote bila kuhitaji kujitaja, sasa anatafuta jina lake na vipande vya kioo viko machoni. Alitaja jina. Mawe yaliendelea, kwa sababu mwizi naye anaweza kujua jina la mtu. Akataja la baba yake. Kisha, ameniambia mwenyewe, akakumbuka gogo, akalia kwa Kikipsigis kwamba wanampiga kando ya mti wake mwenyewe alioutoa na ng'ombe wake akauvuta. Hapo mzee mmoja akaijua sauti. Akaanza kuwasukuma vijana nyuma kwa fimbo yake, akiita, "Acheni! Ni ile! Ni mwenye ile!"

Mwenye ile. Walimtambua kwa gari ambalo hakuwa nalo tena.

Daktari alisema jicho la kushoto halitaona. Alilisema taratibu, kwa heshima, nami nikamtafsiria baba ingawa alikuwa amesikia. Aliuliza tu kama kondoo amefikishwa.

Polisi walikuja wakaandika. Walitaka kujua aliyerusha jiwe. Hakukuwa na aliyerusha jiwe. Walikuwapo watu, yalikuwapo mawe, ulikuwapo ukungu, lakini aliyerusha hakuwapo. Baba alisema ukungu umewasaidia majirani mara mbili.

Wakati huo mimi sikuwa na wasiwasi juu ya jicho tu. Jicho lilikuwa limekwenda. Nilichoogopa ni kwamba tungempoteza baba mwenyewe akiwa hai, kwamba mtu aliyekuwa akisimama kwa kila mzigo uliowekwa ukingoni asingesimama tena kwa mtu yeyote. Katika kijiji kama chetu, mtu wa umri ule akijitenga na majirani zake, hufa kabla ya siku zake. Nilijiombea neno moja tu, awasamehe, si kwa ajili yao.

Walikuja, lazima niseme hivyo. Walikuja wazee wa kijiji na wanaume waliokuwa kwenye gogo, wamevaa makoti ya Jumapili, na kondoo jike mweupe na kibuyu cha mursik. Waliketi kwenye nyasi mbele ya nyumba. Mzee aliyeijua sauti ndiye aliyesema. Alisema kwa ufupi na vizuri. Hakutafuta sababu. Alisema tumekuumiza, wewe uliyetubeba. Baba alisikiliza na kitambaa cheupe kichwani. Kisha akapokea kikombe cha mursik, akanywa, akakipitisha. Mama alianza kulia kwa furaha jikoni, na mimi pia. Kwa desturi, jambo lilikuwa limetengenezwa.

Kisha mwanamume mmoja wa makamo, mkaguzi wa majani kituoni, akaona ni vizuri aongeze la maendeleo.

"Mzee, tumefikiria pia mbele. Tumekubaliana kila mwenye gari nyeupe kijijini atie alama. Mstari mwekundu kwenye boneti. Kila mtu atajua hii ni ya nyumbani. Na ya kwako tutakupakia sisi bure, tuanze na wewe."

Walikubaliana kwa vichwa. Lilikuwa wazo zuri. Hata mimi, mwalimu wa barabara, niliona ni wazo zuri.

Baba akamwelekea. Ilibidi ageuze kichwa chote sasa, ili jicho linaloona limfikie.

"Nitiwe alama mimi?"

"Si wewe, mzee. Gari."

"Nani alipigwa mawe, gari? Mwizi ndiye atiwe alama," baba akasema. "Mimi nimekaa hapa kabla baba zenu hawajaoa. Mnataka nipake rangi nyekundu ili mkumbuke?"

"Boiyon, si hivyo, unajua hizi gari zote ni moja."

"Najua. Hiyo nilisema siku ile nililetewa. Watoto wangu hawa wakaniambia ina taa."

Alisema bila kunitazama, na hakuna haja ya kusema nilivyojisikia. Kondoo alipokelewa. Walipeana mikono. Mstari haukupakwa kwenye gari la baba. Katika majuma yaliyofuata boneti zote nyeupe za kijiji zilipata mstari mwekundu, mingine imenyooka, mingine kama iliyopakwa na mtoto, na moja tu ikabaki nyeupe, iliyoegeshwa kando ya ghala la mahindi, na kioo kipya cha pembeni. Tulimwambia basi tuliuze. Akakataa.

"Nikiuza," akasema, "nimeuzia mtu mwingine mawe yangu."

Kisha wezi wakakamatwa, mbali na kwetu, chini kuelekea tambarare. Gari lao lilivutwa likawekwa nje ya kituo cha polisi, na watu wengi walikwenda kulitazama. Mimi nilikwenda pia. Nilitaka kuona pacha wa gari la baba.

Halikuwa pacha. Hapa nitaomba uvumilivu wako kidogo, kwa sababu ni jambo la kazi yangu na nataka lieleweke. Gari la wezi halikuwa la modeli ile. Halikuwa hata la kampuni ile. Lilitengenezwa na watu wengine kabisa, katika kiwanda kingine, na wachoraji wengine ambao walilipwa mshahara ili wachore kitu. Nembo ya mbele ilikuwa tofauti, ukubwa wa sahani ya chai. Taa za nyuma zilikaa juu kidogo. Nililizunguka kama baba alivyozunguka lake, nikatafuta kitu cha tatu cha kuwaonyesha wanafunzi wangu ili walijue kwa mbali, nikakikosa.

Kuna mtu ataniambia, kama mwanafunzi mmoja mwerevu alivyoniambia, kwamba hata kila modeli ikipewa sura yake, magari ya modeli moja bado yatafanana, na ukungu ni ukungu. Ni kweli na nimelifikiria hilo sana. Kama wezi wangekuwa na gari sawasawa na la baba, ningenyamaza, ningelaumu ukungu na watu na Mungu anisamehe. Lakini hawakuwa nalo. Walikuwa na gari lingine. Kulikuwa na kampuni mbili, na kila moja ilikuwa na nafasi ya kuweka hata pua, hata macho ya usingizi, na zote mbili zikaona ni salama kufanana. Walikuwa na sababu, nimekwisha kuzieleza. Upepo, sheria, kalibu, wanunuzi. Nikizipanga vizuri kwenye ubao zinapendeza. Sijaona mahali pa kuandika baba yangu katika orodha hiyo.

Nilimweleza baba niliyoyaona pale kituoni. Nilidhani yatamtuliza, kwamba angalau walimkosea kwa gari ambalo halikuwa lake. Alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile, na sikuupenda ule mcheko.

"Kwa hivyo hata kufananishwa," akasema, "nilifananishwa na kitu kingine."

Mwezi huu wa mvua nilikuwa nyumbani kwa likizo fupi. Asubihi moja, ukungu ukiwa umekaa, jirani yetu mmoja alikuja mpaka mlangoni na kofia mkononi. Alikuwa kwenye gogo siku ile. Sijui kama alirusha, hakuna anayejua, lakini alikuwapo na hajawahi kukana. Mama yake alikuwa amezidiwa usiku, anapumua kwa shida, na gari lake mwenyewe lenye mstari mwekundu lilikuwa kwa fundi.

Baba alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini. Alitoa ufunguo kwenye msumari, akanipa mimi.

"Mpeleke mama yake," akasema. "Mtandikie blanketi la kitanda changu."

Jirani hakuondoka. Aligeuzageuza kofia.

"Mzee, twende na wewe basi. Hii gari yako haina mstari. Wale wa zamu bado wako huko chini, hata kama wezi walishikwa. Wewe ukikaa mbele, hakuna mtu atatusimamisha."

Kama angeniuliza mimi kwanza ningemwomba asiseme. Baba alimtazama kwa muda, kichwa kimegeuzwa, na nilitafuta hasira usoni mwake nikaikosa. Alichonionyesha kilikuwa kibaya kuliko hasira. Alikuwa anamtazama kama mtu anayesoma namba ya gari.

"Mgonjwa ni wa kwangu," akasema. "Mama yako alinilisha nikiwa kijana, gari iko, mafuta iko, dereva huyu hapa. Lakini mimi sipandi tena ili nyinyi mpite."

Akachukua ndoo, akaenda kukamua.

Tulimlaza yule mama nyuma, juu ya blanketi, na mwanawe akakaa mbele kando yangu. Nilipofika kwenye kona kabla ya miti ya blugamu nilipunguza mwendo. Ndani kulikuwa na joto la watu watatu na vioo vilikuwa vimeanza kuziba. Tulisikia watu wakizungumza mbele kwenye ukungu, kisha wakanyamaza, jinsi watu wanavyonyamaza wanapoona taa.

"Teremsha kioo," nikamwambia jirani.

"Mama atapata baridi."

"Teremsha."

Akateremsha. Nikateremsha changu, kisha vya nyuma, vyote. Baridi ya msitu ikaingia, yule mama akaanza kukohoa, na mwanawe akatoa kichwa chote nje, kwenye mvua, akaanza kuita jina lake, na la baba yake, na la ukoo wake, kwa sauti ya juu, akirudia, huku mimi nikisogeza gari polepole kuelekea watu ambao bado hatukuwaona.